Breki za Ndege ya Abiria: Kutoka Dalili Hadi Agizo la Lazima

Fundi anapoitwa chini ya ndege iliyotua na breki moto, swali lake la kwanza ni breki ipi. Swali zuri. La pili ndilo linalosahaulika: je, breki hii ina agizo linaloihusu?

Breki za ndege kubwa huharibika kwa namna mbili. Kuna uharibifu wenye kelele: gurudumu linafuka moshi, tairi limepasuka, rubani ameandika kitabuni kwamba ndege ilimvuta kushoto. Halafu kuna ule wa kimya, ambapo vipimo vyote viko sawa mpaka siku ndege inapohitaji nguvu zote za breki kwa mpigo mmoja, nazo hazipo. Baadhi ya maagizo mazito kuliko yote kuhusu breki yalizaliwa na ukimya huo. Ndiyo maana hapa chini sitakomea kwenye dalili na chanzo tu. Kila chanzo ukikipata, kifuate hadi kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe mafundi huiita AD, yaani agizo la lazima la ustahiki wa ndege kuruka. Hutolewa kwanza na mamlaka ya nchi iliyoidhinisha muundo wa ndege: FAA kwa ndege za Marekani kama Boeing, EASA kwa za Ulaya kama Airbus. Nchi nyingine ambako ndege hiyo imesajiliwa hulichukua na kulisimamia. Usilichanganye na SB, taarifa ya huduma ya mtengenezaji. SB ni ushauri hata ikiandikwa kwa herufi nzito namna gani. Ila AD ikiitaja SB hiyo kuwa ndiyo njia ya kufanya kazi, ushauri umegeuka sheria siku hiyo hiyo. Kwa sheria ya Marekani, Sehemu ya 39, ndege ikiruka bila agizo kutimizwa, kila safari ni kosa jipya. Si kosa moja linalorefuka.

Kabla hujasogea karibu

Breki ya moto haikaribiwi kutoka ubavuni. Ringi au tairi likipasuka, vipande hutoka pembeni, sambamba na ekseli, kwa hiyo njoo kutoka mbele au nyuma. Usidanganyike pia kwa sababu ndege imesimama: joto la diski huendelea kusambaa kwenda kwenye ringi na tairi kwa dakika nyingi baada ya kusimama, na gurudumu lililoonekana salama lilipoegeshwa laweza kuwa baya zaidi robo saa baadaye. Ringi zina plagi za kuyeyuka zilizowekwa makusudi ili kutoa upepo kabla tairi halijalipuka. Ukikuta tairi limelala na plagi imeyeyuka, usilaani. Imefanya kazi iliyowekewa.

Weka kabari kwenye magurudumu kabla ya kugusa chochote, kwa sababu nusu ya vipimo vinavyofuata vinataka breki ya kuegeshea iachiliwe. Mwezi Novemba 2007 huko Toulouse, Airbus A340-600 mpya kabisa ilijaribiwa injini ardhini bila kabari. Ikaishinda breki yake ya kuegeshea, ikapanda ukuta.

Ndege inavutwa upande mmoja

Kosa linalorudiwa sana ni kubadilisha breki iliyo moto. Fikiri kidogo. Mguu mkuu una magurudumu mawili; moja lina nyuzi 350 za Selsiasi, jingine 50. Lililo baridi ndilo halikufanya kazi. Mwenzake amebeba mzigo wa wawili, na ukimng'oa umemwadhibu mfanyakazi ukamwacha mvivu. Kwenye A320, tofauti ya nyuzi 150 kati ya breki mbili za mguu mmoja, huku moja ikiwa imefika 600 au imebaki 60 na kushuka, tayari ni sababu ya kuita fundi. Ni vivyo hivyo wastani wa mguu wa kushoto ukitofautiana na wa kulia kwa nyuzi 200. Soma namba hizo mapema, kabla feni za kupoza hazijafuta ushahidi.

Breki baridi ina maelezo machache. Huenda ilizimwa kwa ruhusa ya orodha ya vifaa vinavyoweza kukosekana, MEL, na ikasahaulika. Anza hapo kwa sababu ni kusoma kitabu tu. Huenda kuna hewa ndani ya bomba baada ya breki kubadilishwa bila kutolewa hewa vizuri. Huenda vali ya kuzuia mserereko inarudisha mafuta ya haidroliki, yale yanayosukuma breki, kwenye tangi wakati haijaamriwa. Huenda nyaya za sensa zimepishana, na hilo nitalirudia kwa urefu. Pima na upepo wa matairi pia: tairi lenye upepo mdogo huvuta ndege, na pia humtwika mzigo jirani yake kwenye ekseli.

Kumbuka kumuuliza rubani alikuwa anakanyaga mwenyewe au alikuwa ameweka breki otomatiki, na kama upepo wa ubavuni ulikuwepo. Upepo umewahi kulaumiwa kwa makosa ya breki, na breki zimewahi kung'olewa kwa makosa ya upepo.

Breki moja inapata moto bila kazi

Hii ni tofauti na hiyo ya juu. Hapa ndege haijafunga breki kwa nguvu, imetembea tu kutoka maegesho hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na breki moja tayari iko juu. Breki inaburuza: diski hazijaachana.

Thibitisha kwanza kwamba joto ni la kweli, kwa kipimajoto cha mkononi cha miale, maana sensa ya joto nayo huharibika. Kama ni kweli, ndege ipandishwe jeki na gurudumu lizungushwe kwa mkono breki zikiwa zimeachiliwa. Likikataa, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye breki. Gurudumu likilegea mara moja, shinikizo lilikuwa limebaki ndani, na tatizo liko juu ya breki: vali ya breki ya kuegeshea isiyorudi vizuri, vali ya kanyagio, au bomba la kurudishia lililoziba. Lisipolegea, tatizo liko ndani ya breki yenyewe: pistoni zimekwama au kirekebisha nafasi hakirudishi pistoni nyuma. Jaribio hilo moja la dakika tano hukuepusha na siku nzima ya kubahatisha.

Mambo mawili ya zamani yanaonyesha kwa nini joto hili halichezewi. Tarehe 4 Septemba 1963, ndege aina ya Caravelle ya shirika la Swissair ilitembea njia ya kurukia ya Zürich injini zikiwa juu ili kutawanya ukungu, huku breki zikiizuia. Ringi ikavunjika kwa joto, moto ukaingia, na watu wote 80 wakafa muda mfupi baada ya kupaa. Tarehe 31 Machi 1986, Boeing 727 ya Mexicana ilipaa kutoka jiji la Mexico ikiwa na breki iliyokuwa inaburuza. Tairi lake lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Joto liliifanya mipira ya ndani itoe gesi, oksijeni ya hewa ikakutana nayo, tairi likalipuka ndani ya chumba cha magurudumu na kukata mabomba ya mafuta. Watu 167 walikufa, hakuna aliyenusurika.

Kutokana na ajali hiyo ndipo ikaja AD 87-08-09. Namba hizo zinasomeka hivi: mwaka 1987, kipindi cha nane cha wiki mbili mbili, agizo la tisa. Ilitaka matairi ya magurudumu yenye breki yajazwe naitrojeni, oksijeni ndani yake isizidi asilimia 5. Leo sharti hilo limeingia kwenye kanuni za muundo wa ndege kubwa zenyewe. Kwa fundi maana yake ni hii: ukikuta breki inayoburuza, kazi yako haijaisha kwa kuibadilisha. Kagua pia tairi hilo lilijazwa wapi mara ya mwisho na kwa gesi gani. Kuongeza upepo wa kompresa "mara moja tu mpaka tufike kituo kikuu" kunaweza kuvunja agizo kama oksijeni itapita asilimia hiyo 5, na kutoongeza kabisa si jibu. Tarehe 11 Julai 1991 huko Jeddah, DC-8 iliyokodishwa na Nigeria Airways ilipaa na matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Yakapasuka na kuwaka, yakakunjwa ndani ya ndege yakiwa na moto, na watu 261 wakafa.

Ikumbukwe pia kwamba kwenye A320 breki zikiwa zaidi ya nyuzi 300 ndege haipai mpaka zipoe. Marubani hulalamika kwamba wanachelewa. Waache walalamike.

Pini iko ndani ya kipimo, kwa nini breki imeshindwa?

Hapa ndipo penye ukimya niliousema.

Breki ya ndege ni mlundo wa diski: zingine zinazunguka na gurudumu, zingine zimetulia kwenye ekseli, na pistoni zinazisukuma zikutane. Kila kufunga breki kunakula diski kidogo. Kwenye bamba la shinikizo kuna kipini chembamba cha chuma kinachochungulia nje. Diski zikilika, kinazama. Kikilingana na uso wa fremu, au na alama iliyowekwa, breki imekwisha.

Chuchumaa na tochi ukitazame. Kuna jambo dogo linalowaponza wengi: kipini hupimwa breki ikiwa imekanyagwa, shinikizo kamili likiwa ndani. Breki ikiachiliwa, bamba hurudi nyuma kuelekea kwenye pistoni na kipini hutoka nje zaidi. Utasoma milimita ambazo hazipo. Nimewaona mafundi wazuri wakipima ndege iliyozimwa, akumuleta (chupa inayohifadhi shinikizo la breki) imekwisha shinikizo, breki ya kuegeshea ikiwa imewekwa kwa jina tu. Wakaandika kwamba breki ina safari nyingi mbele yake. Angalia geji ya shinikizo kwanza, kisha kipini.

Sasa tuseme umepima vizuri. Tarehe 21 Mei 1988, DC-10-30 ya American Airlines iliyokuwa ikienda Frankfurt ilikatiza kupaa ikiwa katika kasi kubwa huko Dallas/Fort Worth, baada ya taa ya onyo kuwaka. Breki zilikuwa ndani ya vipimo vya uchakavu vilivyoruhusiwa. Nane kati ya kumi zilishindwa, na ndege ikatoka mwisho wa njia. Watu wote 254 waliokuwa ndani walisalimika.

Uchunguzi ulionyesha jambo ambalo baada ya kuambiwa unashangaa kwamba halikuonekana mapema: majaribio ya kuidhinisha breki yalikuwa yamefanywa kwa breki mpya. Kikomo cha uchakavu kilitokana na umbo la breki na matumizi ya kila siku. Hakikutokana na swali la kama diski nyembamba zitaweza kumeza joto la kukatiza kupaa. Diski ndiyo ghala la joto. Ukiipunguza uzito, umepunguza ghala.

Piga hesabu. Ndege ya tani 79 ikiwa katika kasi ya noti 150 (maili za baharini kwa saa) ina nishati ya megajuli 235 hivi. Upepo na virudisha msukumo vya injini vitachukua sehemu, na kinachobaki kinakwenda kwenye breki nne za ndege ya saizi hiyo kwa sekunde chache. Kutua kwa kawaida hakufiki karibu na hapo, na ndiyo maana breki iliyochakaa itatua vizuri mara mia mbili bila kuonyesha dalili yoyote. Dalili itatokea mara ya kwanza itakapohitajika kweli.

Baada ya hapo FAA ilidai breki za ndege kubwa zijaribiwe zikiwa zimechakaa. Katika miaka ya 1990 likaja kundi zima la AD, moja kwa kila aina ya ndege na breki, likiweka kikomo kipya cha uchakavu, mara nyingi kikali kuliko cha zamani. Baadaye kanuni za kuidhinisha ndege mpya zikataka jaribio la kukatiza kupaa lifanywe kwa breki iliyochakaa kabisa, na kwa dakika 5 baada ya kusimama kusitokee hatari hata kama hakuna zimamoto aliyefika.

Kwa hiyo ukikuta breki imeshindwa kupunguza kasi ipasavyo na kipini kiko sawa, usiulize kipini tu. Uliza kikomo unachotumia kimetoka wapi. Kitabu cha matengenezo cha breki chaweza kuwa na namba moja, na AD ikawa na namba nyingine kwa breki ile ile ikiwa kwenye ndege nzito zaidi. Namba ya AD ndiyo inayoshinda, hata kama ya kitabu ni mpya zaidi.

Kaboni inayotoa unga au kumeguka

Diski za kaboni, ambazo katika ndege za abiria Concorde ilizitangulia, ni nyepesi na hustahimili joto kuliko chuma. Zina tabia zake. Uchakavu wake hufuata zaidi idadi ya mara unazokanyaga kuliko nguvu ya kukanyaga, kwa hiyo rubani anayegusagusa breki njia nzima ya kutembea anazila bila kujua.

Adui yake mwingine ni kemikali za kuyeyushia barafu kwenye njia za ndege, hasa chumvi za potasiamu. Zikiingia kwenye vinyweleo vya kaboni, kaboni huungua polepole kwa joto la chini kuliko kawaida, kutoka ndani. FAA imewahi kutoa taarifa ya tahadhari juu ya hili. Ni tahadhari tu, haina nguvu ya AD. Dalili ni meno ya diski yaliyolainika, unga mweusi unaobaki kidoleni, na kingo zinazomeguka ukizigusa. Kipini cha uchakavu hakitakuambia, kwa sababu unene umebaki ule ule na nguvu ndiyo imeondoka. Gurudumu likitolewa kubadilisha tairi, dakika mbili za kuangalia meno hayo hazikuchelewishi.

Tairi limepasuka na jirani yake hajaguswa

Mfumo wa kuzuia mserereko hufanya kazi kwa kulinganisha. Ndani ya kila ekseli kuna sensa ya kasi. Gurudumu likianza kusimama wakati ndege bado inakimbia, kompyuta huamuru vali ya gurudumu hilo ilegeze shinikizo, lizunguke tena, kisha ilirudishie. Mara nyingi kwa sekunde.

Sasa pishanisha nyaya za sensa mbili, jambo linalowezekana pale plagi zinapofanana na kazi inafanywa usiku. Gurudumu namba 1 linaanza kusimama. Kompyuta inasikia habari hiyo ikidhani ni ya namba 2, inalegeza namba 2. Namba 1 linabaki limefungwa, linasuguliwa kwenye lami mpaka linapata bapa, kisha linapasuka. Namba 2 linazunguka huru kama hakuna breki. Kompyuta inaendelea kulegeza namba 2 kwa juhudi zaidi, ikishangaa kwa nini halisikii.

Ushahidi uko wazi ukijua pa kutazama: tairi moja lenye bapa au lililopasuka, na la jirani safi, na breki yake baridi. Hapo usibadilishe tairi na kuruhusu ndege iende. Fanya jaribio la kuzungusha: sensa moja izungushwe kwa drili ndogo huku mwenzako akishikilia kanyagio, kisha izuiwe ghafla. Lazima breki ya gurudumu hilo hilo ndiyo iachie. Nenda gurudumu hadi gurudumu, moja moja. Usikubali jibu la "zote zinaachia", maana hilo ndilo jibu utakalolipata hata zikiwa zimepishana. Mabomba ya vali nayo yanaweza kupishana kama nyaya. Jaribio hili huyakamata yote mawili.

Maagizo yanayogusa mserereko mara nyingi huishia hapa: kagua njia ya nyaya, weka alama, badilisha vishikizo ili plagi isifike mahali pasipo pake, halafu pima. Mafundi wenye haraka huitimiza sehemu ya vishikizo na kuipuuza ya kupima. Agizo halitakuwa limetimizwa, hata sahihi ikiwa nzuri.

Kama matairi yote ya miguu mikuu yana bapa, hadithi ni nyingine: breki ya kuegeshea ilibaki imewekwa, au mtu alikanyaga kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka na kinga ya kugusa chini haikufanya kazi. Na kama bapa lina rangi ya mpira ulioyeyuka na njia ilikuwa na maji, tairi lilielea. Kanuni ya zamani hukupa kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji, kwa noti: mara 9 ya kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi kwa psi (paundi kwa inchi ya mraba). Tairi la psi 200 huanza kuelea karibu na noti 127.

Kanyagio limelegea, au halina kitu

Kanyagio likiwa laini, hewa imeingia. Likiwa gumu na ndege haipungui mwendo, shinikizo halifiki. Boeing nyingi na Airbus hutumia haidroliki ya psi 3,000, A380 ikipanda hadi 5,000, na 787 haina mafuta kwenye breki kabisa kwa sababu husukumwa na mota za umeme. Ukianza kutafuta hewa kwenye bomba la 787 watakucheka.

Kwenye A320 marubani hufundishwa utaratibu wa kupoteza breki kwa kumbukumbu: virudisha msukumo hadi juu kabisa, achia kanyagio, zima mfumo wa kuzuia mserereko, kanyaga tena bila kuzidisha psi 1,000 kwa sababu sasa hakuna kitu cha kuzuia tairi kusimama. Ikishindikana, breki ya kuegeshea kwa miguso mifupi mifupi. Rubani akikuambia aliutumia utaratibu huo na breki zikarudi, amekupa nusu ya jibu: mabomba na pistoni za mfumo wa akiba ni wazima, tatizo liko kwenye kompyuta ya breki au upande wa kawaida. Soma kumbukumbu za kompyuta kabla hujakata umeme.

Akumuleta hukaguliwa shinikizo la mafuta likiwa sifuri, vinginevyo geji inasoma mafuta, haisomi gesi. Kwenye 737 gesi ya awali ni psi 1,000. Ikiwa chini, breki ya kuegeshea itashika usiku wa leo na kuachia alfajiri.

Mtetemo, na mafuta chini

Mguu mkuu ukitetemeka wakati wa kutua kwa ulaini kupita kiasi, breki mara nyingi hazina hatia; kagua bushi na kizuia mtetemo kwenye viungo vya mguu.

Mafuta yakidondoka, rangi inasema. Zambarau ni mafuta ya haidroliki ya fosfati: breki au bomba lake, na yatakuchoma ngozi. Mekundu kwa kawaida ni ya kinyonya mshtuko cha mguu. Meusi mazito ni grisi ya beringi iliyopata joto, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote mbili. Usijaze aina moja mahali pa nyingine. Sili za moja huvimba kwenye nyingine na breki iliyopona leo itavuja wiki ijayo.

Umepata chanzo, sasa soma agizo

Anza na sehemu ya agizo linahusu nani. Kosa kubwa la ofisi za kumbukumbu ni kulitafuta kwa aina ya ndege pekee. Breki huhama. AD yaweza kufuata namba ya kifaa, na breki iliyotoka ndege nyingine ikapita stoo na kufika kwako haijafanyiwa kazi. Linganisha namba ya kifaa na namba ya mfululizo kwenye bamba la breki yenyewe, si kwenye kadi iliyofungwa kwa waya.

Kisha tarehe ya kuanza kutumika na muda. "Ndani ya safari 500 au miezi 12, lolote litakalotangulia" haimaanishi chaguo. Angalia kama safari zinahesabiwa tangu agizo lianze au tangu kifaa kiwe kipya. Tofauti yake inaweza kuwa ndege iliyopitwa na muda jana. Angalia kama ukaguzi ni wa kurudia, na kama kuna kazi ya kuumaliza. Watu hufunga agizo la kurudia baada ya ukaguzi wa kwanza uliotoka safi. Safi ya leo haifungi kitu mpaka kifaa kipya kiingie, kama agizo lenyewe limetoa mlango huo. Tazama pia kama AD mpya imefuta ya zamani. Namba za EASA zenye herufi E mwishoni ni za dharura na hazisubiri kikao.

Kama breki yako ilishafanyiwa ukarabati mahali hapo hapo panapotajwa, agizo bado linakuhusu. Njia ya kutoka ni kuomba njia mbadala inayoidhinishwa na mamlaka, AMOC. Barua ya mtengenezaji inayosema "hakuna pingamizi" haitoshi, hata ikiwa na nembo. MEL nayo haiwezi kuruhusu kile ambacho AD imekataza, ingawa mara nyingi ndiyo hoja ya kwanza kutoka ofisi ya ratiba. Kuhamisha ndege tupu hadi karakana kunawezekana pale tu agizo halikulikataza na kibali kimetolewa.

Na pale stoo, kama breki imeletwa ikiwa na cheti safi lakini bamba la marekebisho halina alama ya kazi ambayo AD inaidai, irudishe karakana. Cheti kinasema breki inafanya kazi. Hakisemi ni toleo gani. Abiria wakiwa tayari wamepanda na dakika 40 zimebaki, bado irudishe.